Spesa nimetoa, shokapu nimefunga

Huku Olasiti, Arusha, gari dogo ambalo halijanyanyuliwa, watu wanadhani mwenyewe kaishiwa hela. Vitz, IST, Passo, Starlet, zote zimekalia spesa, vile vipande vya kuinulia gari. Ukimpelekea fundi gari kwa ajili ya taa ya breki tu, ataliangalia miguuni kwanza halafu atakuuliza, "Mama, hii mbona hatujaiinua?" Langu nililinunua tayari limeinuliwa, mbele na nyuma. Mwezi uliopita nimelishusha, hapa hapa uani, mimi na kijana wa dada yangu. Waliokuwa wakipita getini walisimama kutupa pole.

Kwa mnaonijua kwa kuku tu: Starlet yangu ni EP91 ya mwaka 1997, toleo la mwisho kabla Toyota hawajaleta Vitz mwaka 1999. Injini ni ile 4E-FE ya cc 1331 ambayo fundi yeyote wa Arusha unaweza kumwamsha usiku akaifungua gizani. Viti vya nyuma vimelazwa moja kwa moja, maana hapo ndipo yanapokaa mayai. Napeleka Njiro, Kijenge, Kwa Mrombo, na jikoni kwa hoteli mbili tatu za mjini. Trei 40 zikijaa ni mayai 1,200. Yai la wastani ni gramu 60, kwa hiyo hapo nyuma kuna kama kilo 72, ongeza na makaratasi ya trei zenyewe. Huo ni uzito wa mtu mzima mmoja. Starlet imetengenezwa kubeba watu watatu kiti cha nyuma, kwa hiyo ile hoja ya "mama unalizidishia mzigo" haikuniingia akilini hata siku moja.

Lakini mayai yalikuwa yanapasuka, na yalikuwa yanapasuka kwa mpangilio. Trei zilizokaa nyuma tu ya kiti cha dereva zilifika salama. Zilizokaa juu ya ekseli ya nyuma hadi mlangoni ndizo zilizokuwa zinavuja. Wala si kwenye mashimo makubwa, kwa sababu shimo kubwa unaliona na unapunguza mwendo. Ilikuwa kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, na kwenye matuta, tena baada ya tairi la nyuma kumaliza kuvuka. Unasikia "gob!" kule nyuma, na ukifika dukani unaanza kupangusa ute kwenye mkeka wa gari huku mwenye duka akikusubiri na uso wake.

Nilianza na futi ya seremala. Unapima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, kila kona. Usipime kutoka ardhini, tairi lenye upepo pungufu litakudanganya. Kulia nyuma kulikuwa chini kuliko kushoto kwa sentimita moja na nusu, pamoja na kuinuliwa kote huko. Halafu nikakandamiza kila kona kwa uzito wangu wote na kuachia. Kona yenye shokapu nzima inapanda, inarudi, inatulia. Kona ya kulia nyuma ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikanifikirisha. Nikapapasa matairi ya nyuma kwa kiganja: yalikuwa na mabonde mabonde kuzunguka duara lote, tairi limeliwa vipande vipande. Tairi linalolika hivyo lilikuwa linadunda barabarani badala ya kuikanyaga. Mwisho nikalala chini na tochi. Shokapu za nyuma zilikuwa na mafuta yaliyoganda na vumbi jeusi kuanzia kwenye sili kwenda chini. Hapo sikuhitaji ushauri wa mtu.

Sasa hizi spesa. Watu wanazitaja kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ziko za namna mbili na kila moja ina madhara yake.

Mbele aliyeniuzia alikuwa ameweka kipande cha aluminiamu juu ya maunti, kile kishikio cha juu cha shokapu, kati yake na bodi, unene wa sentimita tatu hivi. Hiyo shokapu yenyewe haijui kama ipo, kwa sababu shokapu na springi zimeshushwa pamoja zikiwa vile vile. Wanaoumia ni majirani. Loa amu, mkono wa chini unaoshikilia tairi, inaning'inia kwa pembe, tairodi, fimbo ya usukani, nayo hivyo hivyo, na draivu shafti inayozungusha tairi inazunguka imepinda kuliko ilivyokusudiwa. Raba ya CV, inayofunika kiungo cha draivu shafti, ya kushoto ilikuwa imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo yake. Na kwa kuwa tairodi na loa amu hazichori duara moja, ukibadilisha urefu wa gari unabadilisha pia matairi yanavyoelekea. Usipofanya alaimenti baada ya kuinua, unakula matairi, na wengi hawafanyi.

Nyuma alitumia njia ya bei rahisi zaidi: raba ngumu iliyobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Gari linapanda, ndiyo. Lakini mizunguko iliyobanwa imeshatolewa kazini, springi iliyobaki ni fupi na ngumu kuliko ya awali. Na shokapu sasa imevutwa. Mkono wake una urefu maalumu, nusu ya kubonyea na nusu ya kunyooka. Ukiipandisha bodi bila kubadilisha shokapu, umekula ile nusu ya kunyooka. Tairi linapovuka tuta linataka kushuka lifuate barabara, linakuta mkono umefika mwisho, na ekseli nzima inanasa kwa ghafla. Hiyo ndiyo "gob" yangu. Trei zilizokaa juu yake zingepona vipi?

Nirudi nyuma kidogo kwa wale wanaoniandikia "dada, shokapu gani inabeba mzigo vizuri?" Shokapu haibebi mzigo. Springi ndiyo inayobeba. Springi ikishabonyea inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, inabonyea tena, na ingeachwa ingeendelea hivyo mpaka ichoke. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye mafuta, ina vitundu na vali ndogo, mafuta yanalazimishwa kupita hapo kwa shida na ule mchezo wa springi unageuka joto. Ndiyo maana ukimaliza barabara mbovu ukigusa shokapu inachoma. Ikiwa ya mafuta matupu na imezeeka, hewa inachanganyika na mafuta na kufanya povu kama mbege, na pistoni inayopita kwenye povu haikabiliwi na kitu. Gari linaanza safari limetulia, baada ya kilomita kadhaa za vijishimo mfululizo linaanza kuogelea. Shokapu za gesi zina naitrojeni ya mgandamizo mdogo juu ya mafuta, ambayo inazuia lile povu lisitokee kirahisi. Kwangu mimi kuboresha maana yake ilikuwa hiyo: springi za urefu wa kiwandani zenye nguvu zake kamili, na shokapu za gesi juu yake.

Nilinunua Kayaba, ile nyeusi ya Excel-G, kona zote nne. Kulikuwa na za mtumba kutoka Japani kwa bei ambayo ni chini ya nusu. Mimi injini ya mtumba nitanunua, sanduku la gia nitanunua, mlango nitanunua. Shokapu ya mtumba hapana. Ni kitu kinachoisha kwa kutumika, na huyo aliyeitumia Japani hakuniandikia barua kunieleza alivyoitumia. Za mbele nilizipata hapa mjini. Za nyuma na springi zake nilimwagiza mtu Gerezani, Dar, akanitumia kwa basi, nikazichukua stendi zikiwa zimefungwa pamoja na boksi la mtu mwingine la viatu.

Ukifika dukani toa namba ya chasi, usiseme tu "Starlet". Kuna EP82 na kuna EP91, na muuzaji mwenye haraka atakupa kilicho karibu na mkono wake. Mbele, kulia na kushoto si sawa, kwa hiyo angalia kwamba umepewa moja ya kila upande na si mbili za upande mmoja. Shokapu ya gesi ukiikata ule mkanda, mkono wake unatoka wenyewe polepole bila kuguswa. Usipotoka, irudishe hapo hapo kabla hujalipa.

Wakati naagiza, kijana alinishauri tuweke na bushi, zile raba za kwenye maungio ya miguu ya gari, za poliyurethani, zile ngumu za rangi rangi ambazo machalii wa Glanza, Starlet ya turbo, wanazipenda. Nilikataa. Kwa mtu anayekimbia kwenye lami zina maana yake, usukani unajibu haraka. Kwangu, kwenye barabara ya mawe na vumbi la volkano, bushi ngumu inakuletea kila kijiwe ndani ya gari, na baada ya muda inaanza kulia. Raba ya kawaida ikiwa mpya inatosha. Nilichobadilisha ni bushi za loa amu, linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), na maunti za juu pamoja na beringi zake. Maunti msiziache jamani. Watu wanafunga shokapu mpya kwenye maunti iliyopasuka, halafu wanasema Kayaba siku hizi ni feki.

Uwanja wetu ni ile sehemu ya sementi mbele ya banda, ndiyo pekee iliyo sawa. Jeki ya troli, stendi mbili, vipande vya magogo nyuma ya matairi yanayobaki chini. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kinachoshikilia gari ukiwa chini yake ni stendi, na hili sijadiliani na mtu. Kijana anasoma ufundi magari VETA, alikuja na soketi zake, racheti, na bomba la chuma la kuongezea mkono. Kompresa ya springi tulikodi kwa fundi mmoja wa jirani, kwa masharti kwamba ikirudi imepinda tumeinunua.

Tulianza kulia mbele. Hozi ya breki inatolewa kwenye kishikio chake cha shokapu, linki ya stabilaiza inafunguliwa, halafu bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu ya tairi. Kabla hujazigusa, chora alama kwa msumari kuzunguka vichwa vyake na ukingo wa nako. Hizo bolti zina nafasi kidogo ya kucheza, na hiyo nafasi ndiyo inayoamua tairi lisimame wima au liinamie ndani. Bolti ya juu ilitoka. Ya chini ilikuwa na kutu ya Japani, ile ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, imekaa hapo tangu gari lishuke melini. Tulipulizia oili ya kulegeza kutu, tukanywa chai, tukapulizia tena. Kijana alitaka nyundo. Nikamwambia rudisha nati kwanza mpaka ifunike ncha ya bolti, ndipo ugonge, la sivyo utaharibu meno na tutaanza kutafuta bolti nyingine mjini. Ikatoka.

Nako ukiiachia inaanguka nje na kuning'inia kwenye hozi ya breki. Ifunge kwa waya kwenye springi au kwenye bodi kabla haijafika huko. Juu, ndani ya boneti, kuna nati tatu. Mbili unazitoa, ya tatu unaiacha mpaka mwenzako ashike shokapu kwa chini. Nati kubwa ya katikati usiiguse springi ikiwa bado haijabanwa kwa kompresa. Hiyo nati ndiyo inayozuia springi isiruke.

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Springi moja ya mbele inabeba kilo 200 na zaidi gari likiwa limesimama tu, na hata ikiwa nje ya gari bado imebanwa kati ya sahani ya chini na maunti ya juu. Nimewahi kuona mafundi wakiifungua kwa kamba ya katani na goti. Wengine bado wana meno yote, sijui kwa neema ya nani. Kompresa ina skrubu mbili ndefu zenye ndoano. Unaziweka pande mbili zinazotazamana, unashika mizunguko mingi kadiri unavyoweza, halafu unakaza huku mara kadhaa, kule mara kadhaa. Upande mmoja ukitangulia, springi inapinda na ndoano inaanza kuteleza. Tuliilaza kwenye ukuta wa banda ikielekea ukutani, si sisi. Sauti yake wakati inabanwa ni ya kukwaruza, inasimama, inakwaruza tena, na kila ikisimama kijana alikuwa ananiangalia. Springi ilipoachana na sahani ya juu ukaweza kuizungusha kwa mkono, nati ya katikati ikafunguliwa.

Ule mkono wa shokapu unazunguka pamoja na nati, hilo ndilo tatizo la kila mtu. Kijana akafungua sanduku.

"Mamdogo, niushike na praisi?"

"Ushike, halafu ukanunue nyingine."

Hiyo ya zamani ilikuwa inakwenda kutupwa, ningeweza kumwachia. Lakini mkono ukizoea praisi kwenye ya zamani utazoea na kwenye mpya. Ule ung'avu wa mkono wa shokapu ni kromu, na sili inapita juu yake maisha yake yote. Alama moja ya meno ya praisi, ndogo kuliko unywele, itakuwa inachana sili kila gari likipanda na kushuka, na mafuta yataanza kuvuja kabla hujamaliza kuisifia. Juu ya mkono kuna sehemu iliyotengenezwa kushikwa kwa spana au aleni. Hapo ndipo pa kushika. Wala usitumie bunduki ya upepo kuufunga. Inauzungusha mkono kwa kasi ndani ya sili kavu.

Shokapu mpya kabla ya kuifunga isimamishe wima, ibonyeze hadi chini na kuiachia, mara kadhaa, mpaka usikie inakwenda kwa uzito ule ule bila kuruka katikati. Imelala kwenye boksi muda mrefu, gesi imehamia mahali pa mafuta, na unairudisha kwake. Halafu kava ya vumbi, raba ya kuzuia kugonga, springi, sahani, maunti. Mwisho wa springi lazima ukae kwenye kijidaraja chake kwenye sahani ya chini. Usipokaa, springi itajizungusha yenyewe siku ya kwanza barabarani na utadhani gari limevunjika.

Huu mtindo wa shokapu kuwa pia nguzo ya tairi unaitwa MacPherson, kwa jina la Earle MacPherson, injinia Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940. Ni rahisi na unaacha nafasi ya injini, ndiyo maana magari madogo karibu yote yanautumia. Lakini maana yake ni kwamba shokapu ya mbele ni sehemu ya usukani. Unapokata kona, springi nzima inazunguka juu ya ile beringi ya maunti. Beringi ikifa unasikia springi inajikunja na kuruka ukigeuza usukani gari likiwa limesimama, na usukani haurudi wenyewe katikati. Wangu ulikuwa haurudi. Nilidhani ni uzee.

Kushoto kulikwenda haraka zaidi, na nyuma haraka kuliko kote. Nyuma nati za juu unazifikia kwa ndani, ukitoa plastiki za pembeni za buti. Chini ni bolti moja kila upande. Ile raba iliyokuwa imebanwa kwenye springi tuliitoa kwa bisibisi kubwa na maneno ambayo siyaandiki hapa. Ilikuwa imekata rangi ya springi mpaka chuma, na kutu imeshaanza hapo. Springi inayokatika huwa inaanzia sehemu kama hiyo.

Jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka, na ndilo linaloua bushi mpya. Bushi ya raba haizungukii kwenye bolti. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na inafanya kazi kwa kujisokota. Ukiikaza bolti yake gari likiwa hewani na amu imening'inia, umeiambia raba kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari inasokoteka na kubaki imesokoteka, saa zote, hata usiku gari likiwa limelala, na inapasuka mapema. Kwa hiyo bolti za loa amu na za chini za shokapu za nyuma tulizifunga kwa kulegea, tukarudisha matairi, tukashusha gari, tukalitikisa likae sawa, halafu tukalipandisha matairi yote manne kwenye mbao nene ili mtu aweze kupenya chini. Hapo ndipo tukakaza mwisho mwisho.

Nati za rimu kwa Toyota ndogo hizi ni 103 Nm. Kama huna tochi renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, hiyo ni sawa na kubonyeza kwa kilo 21 mwishoni mwa bomba la nusu mita. Si kurukia kwa miguu miwili kama wanavyofanya kwenye banda la pancha.

Kesho yake niliendesha polepole hadi mjini kufanya alaimenti ya mashine, gari tupu. Pamoja na alama zetu za msumari, matairi ya mbele yalikuwa yamefunguka kwa mbele, jambo la kutegemea ukishusha gari sentimita tatu. Mwambie anayepima aweke usukani katikati kabla hajagusa tairodi. Rekebisha na taa za mbele hapo hapo. Aliyeinua gari alizishusha taa ili zisiwaumize watu, na sasa zilikuwa zinamulika miguu yangu.

Matokeo. Rasta za barabara ya Moshi, kuanzia Tengeru hadi Maji ya Chai, gari linazipita kwa mlio wa matairi tu. Kwenye tuta, nyuma inapanda, inashuka, basi. "Gob" imekwenda na mwenyewe. Ukikata kona pale Kijenge halilali ubavu kama zamani, na ukifunga breki ya ghafla pua haizami. Mayai bado yanapasuka moja moja, kuku wengine wanataga ganda jembamba na hilo ni suala la chokaa kwenye chakula, si la Toyota. Lakini trei za mlangoni sasa zinafika kama za mbele.

Swali linalokuja kila ninaposimulia: je, haligusi chini? Mara moja moja, kwenye yale mawe ya kupandia Ilboru, linagusa. Hapo unachagua njia ya tairi, unapanda jiwe badala ya kulipitisha katikati ya miguu. Na kama unataka kimo bila kugusa springi, angalia matairi. Langu lilikuja na 155/80R13, kipenyo chake ni milimita 578. Ukiweka 165/80R13 kipenyo ni 594, kwa hiyo gari zima linapanda milimita 8, pamoja na ekseli na loa amu, kitu ambacho spesa haiwezi. Milimita 8 zinaonekana kichekesho mpaka ukumbuke ni jiwe gani lilikukwaruza juzi. Hakikisha tu tairi haligusi bodi usukani ukiwa umekatwa mwisho. Na kwa hesabu, mshale ukisema 50 gari litakuwa linakwenda 51 na kitu, jambo ambalo wanaopita Usa River na vibao vyake vya 50 wanapaswa kulijua kabla trafiki hajawaeleza. Mimi nitaweka hayo haya ya sasa yakiisha. Ya nyuma yenye mabonde sitayavumilia muda mrefu.

Kilichobaki ni ile fimbo ya nyuma inayozuia ekseli isicheze kulia na kushoto. Gari lilipokuwa limeinuliwa fimbo ilikuwa imeinama na kuivuta ekseli upande mmoja kidogo. Sasa imerudi sawa, lakini bushi zake ni za zamani na nikigeuza getini nasikia "tk" moja ya upole. Bushi nimeshaagiza. Nataka ziwe zimefungwa kabla ya Desemba, maana kwenye safari ya mwisho wa mwaka ya kwenda Machame kuhesabiwa na ukoo, viti vya nyuma vinarudishwa, na anayekaa hapo ni mama mkwe.